DIRISHA NA MIDOLI YETU

Katika kuadhimisha miaka kumi hii tumeombwa tuandike historia ya midoli yetu, nasi hatuwezi kuieleza bila kueleza picha zake.

Sisi akina mama wa Ipogolo tulianza na hisa na kisanduku cha kufuli tatu, basi. Midoli ilikuja mwaka wa tatu, tulipoona vipande vya vitenge vinatupwa kwa mafundi cherehani. Tulikopa kwenye mfuko, tukanunua pamba na nyuzi, tukashona. Mnunuzi mmoja wa Dar es Salaam akataka aone picha kwanza. Tukaipanga midoli uani saa sita mchana, jua la utosi, tukapiga kwa simu. Kumbe! Nyuso zilikuwa na vivuli kama masizi, na nyekundu ikatoka kama chungwa. Mzigo ulipofika, akasema hii siyo rangi aliyoiona. Ukarudi wote kwa basi. Marejesho yalichelewa miezi mitatu, na wapo waliotaka shughuli ya midoli ifutwe kabisa. Hatuwalaumu, maana fedha ile wengine walikuwa wameitegemea kwa sare na madaftari ya watoto.

Mwenzetu mmoja ndiye aliyesema tujaribu ndani, karibu na dirisha. Jambo lenyewe si geni. Picha kongwe kuliko zote za kamera zilizobaki duniani ilipigwa na Joseph Nicéphore Niépce kutoka dirishani kwake huko Ufaransa, mwaka 1826 au 1827. Wapiga picha wa zamani wa Ulaya nao walipenda dirisha la kaskazini, kwa sababu kwao jua hupita kusini. Hapa kwetu ukiwaiga hivyo hivyo utaumia! Iringa ipo karibu nyuzi 8 kusini mwa ikweta, hivyo kuanzia Machi hadi katikati ya Oktoba jua la mchana hupita upande wa kaskazini, na sisi tunatumia dirisha la kusini. Baada ya hapo jua linahamia kusini, nasi tunahamia dirisha la kaskazini mpaka mwisho wa Februari.

Tunatundika shuka jeupe dirishani ili mwanga ulainike. Mdoli anakaa ubavuni mwa dirisha, na upande wenye kivuli tunasimamisha karatasi ngumu nyeupe irudishe mwanga. Taa tunazima, maana balbu hutia umanjano. Kilichotusumbua zaidi ni ukuta: chumba cha kwanza kilipakwa rangi ya buluu, basi kila mdoli akaonekana kama amepigwa na baridi ya Julai. Siku hizi tunaweka karatasi nyeupe nyuma yake. Na vumbi la barabara kuu lipanguse kwanza, kwenye picha linaonekana lote.

Mnunuzi yule yule alipopelekewa picha mpya aliagiza tena, tukalipa deni la mfuko. Picha ya mdoli wa kwanza wa dirishani, mwenye gauni jekundu, imebandikwa ndani ya kifuniko cha kisanduku. Atakayekuja siku ya mgao ataiona.