Jinsi ya kupanga mkusanyo wa noti na sarafu za kale katika faili

KATIKA miji ya mpakani ya Busia na Malaba, fedha za mataifa mawili hukutana kila siku mikononi mwa wachuuzi, madereva wa malori, waendeshaji bodaboda na wabadilishaji fedha. Si ajabu basi kumpata mkazi wa Busibwabo, wadi iliyo katika eneobunge la Matayos, akiwa na mkebe au bahasha iliyojaa noti za Kenya na Uganda ambazo leo haziwezi kununua hata kibiriti.

Aghalabu noti hizo ziliachwa na mzazi au babu. Mwenyewe akifariki, warithi hukosa kujua zilivyo na maana gani, nazo huishia jalalani au mikononi mwa mlanguzi anayezinunua kwa bei ya kutupa. Mkusanyo uliopangwa vyema na kuandikiwa maelezo huiepuka ajali hiyo. Makala haya yanaeleza namna ya kuupanga.

FEDHA ZINAZOPATIKANA MPAKANI

Kabla ya kununua faili, ni sharti mkusanyaji aelewe alicho nacho. Fedha za eneo hili zinagawanyika katika vipindi vitatu vikuu.

Kipindi cha kwanza ni cha Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka wa 1919. Shilingi ya Afrika Mashariki ilianza kutumika mwaka wa 1921 baada ya rupia na florini. Sarafu zinazojulikana zaidi za wakati huo ni zile za senti zenye tundu katikati. Sarafu za senti 5 na senti 10 za mwaka wa 1936 zina jina la Mfalme Edward VIII, aliyejiuzulu Desemba mwaka huo huo kabla hajatawazwa. Ni sarafu chache mno duniani zilizotolewa kwa jina lake. Noti za mwaka wa 1964, kwa upande wao, hazikuwa na picha ya Malkia. Zilionyesha mashua katika Ziwa Victoria.

Kipindi cha pili kilianza mwaka wa 1966, Kenya, Uganda na Tanzania zilipoanzisha benki kuu zao. Noti za Kenya zilikuwa na picha ya Mzee Jomo Kenyatta, kisha ya Daniel arap Moi kuanzia mwaka wa 1980. Noti ya Sh500 ilitolewa mwaka wa 1988 na ya Sh1,000 mwaka wa 1994. Upande wa Uganda, picha ya Idi Amin ilionekana katika noti za mwaka wa 1973 na kuondolewa baada ya utawala wake kuanguka mwaka wa 1979. Mnamo Mei 1987, serikali ya Uganda ilifuta sufuri mbili, ambapo shilingi 100 za zamani zilibadilishwa kwa shilingi moja mpya, huku asilimia 30 ikikatwa kama ushuru. Noti za kabla ya mageuzi hayo ndizo zinazopatikana kwa wingi katika mikebe ya wazee wa mpakani.

Kipindi cha tatu ni cha Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, inayokataza picha ya mtu yeyote katika fedha. Sarafu za wanyama zilitolewa Desemba 2018: twiga katika shilingi moja, kifaru katika shilingi 5, simba katika shilingi 10 na ndovu katika shilingi 20. Noti mpya zenye jumba la KICC zilizinduliwa Juni 1, 2019, na noti ya zamani ya Sh1,000 ikakoma kuwa fedha halali Oktoba 1 mwaka huo. Zaidi ya noti milioni 7 za aina hiyo hazikurudishwa benki.

KUCHAGUA FAILI NA KURASA

Faili linalofaa ni lile la pete, lenye jalada gumu, linaloruhusu kurasa kuongezwa na kuhamishwa. Pete zenye umbo la herufi D ni bora kuliko za mviringo kwa kuwa kurasa hulala sawasawa bila kukunjika.

Kurasa za plastiki zina mifuko ya ukubwa mbalimbali. Zile za mifuko mitatu zinafaa kwa noti nyingi, lakini pima kwanza, kwani baadhi ya noti za kale ni kubwa kuliko za sasa. Kurasa za mifuko 20 hutumiwa kwa sarafu. Zile za mifuko tisa, ambazo ughaibuni huhifadhi kadi za wachezaji, zinafaa kwa stempu na kadi za simu za kukwangua, ambazo pia zimeanza kukusanywa.

Jambo la kuzingatia zaidi ni aina ya plastiki. Plastiki ya PVC, ambayo ni laini na yenye harufu kali, hutoa kemikali zinazogandisha wino na kuacha utando wa kijani kwenye sarafu. Tafuta polipropilini au poliesta. Usiipitishe noti katika mashine ya kuifunika kwa plastiki, wala usiibandike kwa gundi, utepe au pini.

MPANGILIO

Mpangilio ulio rahisi ni kuanza na nchi, kisha kipindi, kisha thamani kutoka ndogo hadi kubwa, na mwishowe sahihi. Noti mbili zinazofanana zinaweza kutofautiana kwa sahihi ya gavana pekee. Mathalan, noti za Kenya zilizoanza kutolewa Agosti 2024 zina sahihi ya Gavana Kamau Thugge, ilhali muundo wake ni ule ule wa mwaka wa 2019.

Acha mfuko mtupu mahali pa noti unayoikosa. Pengo hilo hukukumbusha unachotafuta na kukuepusha na kununua ulicho nacho tayari. Nakala za ziada zitengewe faili lake, kwa kuwa hizo ndizo za kubadilishana na wenzako. Aidha, usichanganye noti na sarafu katika faili moja. Uzito wa sarafu hurarua kurasa na kukunja noti.

DAFTARI LA KUMBUKUMBU

Kila kipande kipewe nambari, na nambari hiyo iandikwe katika daftari pamoja na nchi, mwaka, thamani, nambari ya noti, hali yake, mahali kilikopatikana na bei iliyolipwa. Andika pia aliyekupa na habari aliyokusimulia. Noti ya Uganda ya mwaka wa 1979 iliyovushwa mpaka na mkimbizi ina habari ambazo karatasi yenyewe haiwezi kuzitoa. Usiandike chochote juu ya noti.

UNYEVU NA WADUDU

Busia iko karibu na Ziwa Victoria, na misimu miwili ya mvua huleta unyevu mwingi. Weka faili wima kama kitabu, kwenye rafu iliyoinuliwa kutoka sakafuni na kuachwa mbali na ukuta, ili mchwa wasilifikie. Chumba kipitishe hewa, lakini jua lisimulike rangi za noti. Vifuko vya chembechembe za kufyonza unyevu, vile vinavyopatikana ndani ya maboksi ya viatu vipya, vinasaidia. Fungua faili angalau mara moja kwa mwezi ukague ukungu.

THAMANI NA SHERIA

Hali ya kipande ndiyo huamua bei. Noti isiyokunjwa inaweza kuuzwa mara nyingi zaidi ya ile iliyochakaa, hata kama zote ni za mwaka mmoja. Kwa sababu hiyo, usioshe noti wala kusugua sarafu. Mnunuzi mjuzi hulitambua jambo hilo mara moja na kushusha bei. Shika noti kingoni kwa mikono mikavu na safi.

Jihadhari na anayedai kwamba noti fulani ina thamani ya mamilioni. Uliza zaidi ya mnunuzi mmoja kabla ya kuuza. Vilevile, kumbuka kwamba kuharibu kwa makusudi noti ya Kenya inayotumika ni kosa la jinai.

Hatimaye, mwonyeshe angalau mtu mmoja nyumbani lilipo faili na daftari lake, na umfundishe kulisoma.