Njia ya Angani Ilivyolipiwa

Sisi tukaao Sirari twajua sana mambo ya kuvuka mpaka. Malori hungoja, watu hujipanga mstari, karatasi hugongwa mihuri. Miongoni mwa wavukao wamo wageni wa mbali waendao kutazama wanyama: hushuka katika ndege ndogo huko Migori, upande wa Kenya, huvuka hapa petu kwa motokaa, kisha hupanda ndege nyingine ndogo Tarime ya kuwapeleka Serengeti. Nyingi za ndege hizo zina injini moja tu. Siku moja mtoto wa darasa letu, akiitazama moja ikipita juu ya mashamba ya mahindi, alituuliza, "Mwalimu, injini hiyo moja ikizimika itakuwaje?" Mwenzake akamjibu upesi, "Wataanguka. Ajali haina kinga."

Jibu hilo hatukulipenda, wala hatukuwa na jingine tayari. Ndipo tulipoanza kutafuta habari za watu waliotangulia kuruka, hasa wale walioanguka katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Watu wa kwanza kuruka kwa ndege yenye injini na kuiongoza watakavyo walikuwa ndugu wawili wa Marekani, Orville na Wilbur Wright. Mruko wao wa kwanza, tarehe 17 Desemba 1903, ulidumu sekunde 12 tu. Ndege yao ilikuwa ya miti na kitambaa. Kabla ya miaka mitano kutimia, tarehe 17 Septemba 1908, Orville alimpakia askari mmoja, Luteni Thomas Selfridge. Wakiwa angani rafadha ikavunjika, yaani lile panga lizungukalo na kuiendesha ndege. Wakaanguka, Orville akavunjika mifupa, na Selfridge akafa. Huyo ndiye abiria wa kwanza kuuawa na ndege yenye injini.

Hapa yafaa tumjibu yule mtoto. Injini ikizimika, ndege haishuki papo hapo kama jiwe. Yaweza kuteleza juu ya hewa kama mwewe aliyetandaza mbawa, na huku rubani akitafuta mahali pa kutua. Lakini katika siku zile atatua wapi? Chini palikuwa na msitu, au kinamasi, au mawe, na mara nyingi hakuwa na simu ya upepo ya kuitia watu habari. Basi hatari haikuwa kuzimika kwa injini peke yake. Ilikuwa kuzimika mahali pasipo na msaada.

Nchi yetu iliyaona mambo hayo mapema, katika vita vya mwaka 1914. Manowari ya Wajerumani, Königsberg, baada ya kuizamisha Pegasus ya Waingereza huko Unguja tarehe 20 Septemba 1914, ilijificha katika midomo ya mto Rufiji. Mikoko iliificha hata meli za Waingereza zisiweze kuiona kutoka baharini. Wakamwajiri rubani wa Durban, jina lake Cutler, mwenye ndege ya injini moja iwezayo kutua majini. Katika safari yake ya kwanza alipotea, akatua penye kisiwa kidogo, akapatikana kwa kutafutwa. Rejeta ya injini yake ilikuwa ikivuja. Ikabidi iletwe rejeta ya motokaa ya Ford kutoka Mombasa. Hebu fikirini, wasomaji: mtu kuruka juu ya bunduki za adui akitegemea rejeta ya motokaa! Tarehe 10 Desemba 1914 injini ilimshinda akiwa juu ya Rufiji. Akashuka majini, akatekwa na Wajerumani.

Mwanzoni mwa mwaka 1915 Waingereza walileta ndege nyingine kutoka kwao, nazo hazikufaa. Gundi iliyoshika miti yake iliachia kwa joto, rafadha zikapinda, na ndege zikakataa kupanda. Sababu yake ni hii: hewa yenye moto ni nyepesi, haina nguvu ya kubeba mbawa kama hewa ya baridi. Chombo kilichokuwa kizima Ulaya kikawa kigonjwa pwani yetu, wala hakuna aliyekiroga. Mwishowe zikaletwa ndege zilizofaa zaidi, na kiwanja kikatengenezwa katika kisiwa cha Mafia. Tarehe 11 Julai 1915 Cull na Arnold waliruka ili kuwaonyesha wapiga mizinga mahali zinapoangukia risasi zao. Ndege yao ikapigwa, injini ikafa. Nao walipokuwa wakiteleza kwenda chini, Arnold hakuacha kupeleka habari za shabaha. Waliangukia mtoni, wakaokolewa na mashua. Na siku hiyohiyo Königsberg ikaangamia.

Vita vilipokwisha, ndege zikaanza kutumika kwa mambo ya amani. Mwaka 1927 Gladstone alijaribu kupeleka barua kati ya Khartoum na Kisumu kwa ndege ya injini moja iliyotua majini, lakini iliharibika kwa kugonga kitu kilichofichwa na maji ya Nile. Hata hivyo njia haikuachwa, na mwaka 1931 ndege kubwa za Imperial Airways zikaanza kuchukua barua kutoka London mpaka Mwanza, katika ziwa letu hili.

Nairobi nako kulikuwa na warukaji wengi, na misiba mingi. Tarehe 12 Machi 1928 Bibi Maia Carberry alianguka akimfundisha kijana Dudley Cowie. Wakafa wote wawili. Tom Campbell Black, rubani wa kampuni ya Wilson Airways iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929, alimfundisha Beryl Markham. Bibi huyo, mnamo Septemba 1936, alivuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza, akaangukia kinamasi upande wa pili kwa kuwa mafuta yalikataa kufika kwenye injini, akapona. Lakini katika mwezi uleule mwalimu wake, aliyekwisha kuruka juu ya majangwa na misitu, aliuawa Liverpool, ndege yake ikiwa bado chini kiwanjani, kwa kugongwa na ndege nyingine iliyokuwa ikitua.

Kisa cha Voi chafaa tusimame kidogo. Tarehe 14 Mei 1931 Denys Finch Hatton, mwindaji aliyetumia ndege kuwatafuta tembo, aliruka kutoka Voi katika ndege yake ndogo. Haikufika mbali, ilianguka karibu na kiwanja, ikashika moto. Mwenyewe alizikwa katika vilima vya Ngong, na ndugu yake akamjengea nguzo ya ukumbusho. Habari zake zimeandikwa katika vitabu vingi. Lakini hakufa peke yake. Pamoja naye alikufa mtumishi wake Mkikuyu, aitwaye Kamau. Vitabu vimempa jina hilo moja, na mstari mmoja au miwili, basi. Naye alikaa katika chombo kilekile, akaanguka kutoka angani ileile, akateketea kwa moto uleule.

Msiba wa mwisho tutakaoutaja ulitokea jirani yetu. Mwishoni mwa mwaka 1957 Profesa Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliruka kutoka Frankfurt, Ujerumani, mpaka Serengeti, katika ndege ya injini moja iliyopakwa milia kama punda milia. Walitaka kujua wanyama ni wangapi na huhamia wapi. Mwaka 1958, wakiruka chini chini juu ya mbuga, waliwahesabu wanyama 366,980. Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa peke yake angani. Tai mla mizoga akaligonga bawa la ndege. Kamba za chuma za kuiongozea zikakwama, nayo ikaanguka. Michael alikuwa na miaka 24. Kaburi lake li ukingoni mwa Ngorongoro, na baba yake, aliyefariki mwaka 1987, amelazwa kando yake.

Tazameni basi, ndugu wasomaji, vitu vilivyowaangusha watu hawa: panga lililovunjika, rejeta inayovuja, gundi, gogo au chuma majini, ndege wa porini. Karibu vyote ni vitu vidogo. Wenye kuendesha ndege hawakusema "ajali haina kinga" wakaenda zao. Kila chombo kilipoanguka walikusanya vipande vyake, wakauliza: ni nini kilichoanza kuharibika? Nani alikiona, akanyamaza? Kwa maswali hayo gundi ikabadilishwa, chuma kikashika mahali pa mti, viwanja vikajengwa, na rubani akaagizwa kuikagua ndege yake kila mara kabla ya kuruka.

Sisi je? Pikipiki isiyo na breki ikimwua mtoto katika barabara yetu, au lori lenye magurudumu yaliyokwisha likipinduka, wengine husema ni siku yake imefika, na wengine humtafuta mchawi kijijini. Maneno hayo humpumzisha mwenye pikipiki na mwenye lori, lakini hayamlindi mtoto wa pili. Wahenga walisema: mdharau mwiba mguu huota tende.

Tulirudi darasani tukawaambia watoto haya yote. Yule aliyejibu upesi alikaa kimya, kisha akauliza, "Na Kamau, jina la baba yake ni nani?" Tukafurahi kwa swali hilo kuliko kwa majibu yetu yote. Kwa maana anayekufa katika ajali atudai mambo mawili: tulitafute lililomwua, na tulitunze jina lake.