Daftari, Kifungo na Barua ya Utambulisho: Kumbukumbu za Wakosaji wa Makosa ya Kujamiiana katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Tanzania haina daftari la umma la watu waliotiwa hatiani kwa makosa ya kujamiiana. Mzazi wa Kilwa Masoko, kamati ya madrasa ya Kilwa Kivinje au mwalimu mkuu wa shule ya Lindi hana mahali pa kwenda kuuliza iwapo mtu fulani aliwahi kufungwa kwa kubaka. Insha hii inachunguza jinsi hali hiyo ilivyojengeka, na inadai kwamba haikutokana na uhaba wa maandishi. Serikali zilizotawala pwani hii ziliandika sana. Ziliandika, hata hivyo, kwa manufaa ya utawala, na kuiachia jamii kazi ya kumjua mtu kwa mdomo, kwa mdhamini na kwa barua.

Utaratibu wa kuandika adhabu uliimarika wakati wa Wajerumani. Agizo la Kansela la tarehe 22 Aprili 1896 lilitaja adhabu ambazo maofisa wa wilaya waliweza kuwapa Waafrika: viboko, faini, kifungo cha kazi ngumu, mnyororo na kifo. Adhabu ziliingizwa katika vitabu vya boma na jumla zake zikatumika katika taarifa za kila mwaka. Kilichohesabiwa kilikuwa viboko na minyororo. Nani alimtendea nani nini halikuwa swali la taarifa hizo. Wakati vitabu vikifungiwa bomani, utekelezaji wa adhabu ulifanywa mbele ya watu. Hassan bin Omari Makunganya aliponyongwa Kilwa Kivinje mwezi Novemba 1895, mji ulilihifadhi tukio hilo katika jina la mahali, Mwembe Kinyonga, ambalo halihitaji karatasi kukumbukwa. Kumbukumbu hiyo ni ya shujaa aliyepinga utawala. Makosa ya kujamiiana hayakuachiwa mti wala jina. Mengi yalimalizwa na wazee, kadhi au akida, mara nyingi kwa fidia, na aliyehesabiwa kuwa amekosewa alikuwa mume au baba. Neno ugoni lilikusanya mambo mawili ambayo sheria ya leo inayatenganisha kabisa: zinaa ya hiari na kuingiliwa kwa nguvu. Palipokubaliwa fidia shauri lilikwisha, na mkosaji alirudi barazani kwake.

Utawala wa Waingereza haukubadili sana msingi huo, ingawa Kanuni ya Adhabu iliufanya ubakaji kuwa kosa dhidi ya serikali. Badiliko la maana zaidi kwa mada hii lilikuja baada ya uhuru, nalo halikutoka mahakamani. Katika miaka ya 1960 TANU iliweka mashina ya nyumba kumi, na balozi wa shina akawa mtu wa kujua nani amehamia, kutoka wapi, na kwa dhamana ya nani. Mikoa ya kusini iliingia mapema katika vijiji vya ujamaa, kwa sehemu kutokana na vita vya ukombozi vya Msumbiji ng'ambo ya Ruvuma, na hofu ya mgeni asiyejulikana ikaupa uzito utaratibu wa kuripoti kwa balozi. Hapo ndipo palipozaliwa chombo kinachofanana zaidi na daftari la wakosaji, japokuwa hakikukusudiwa kuwa hivyo: orodha ya wakazi na barua ya utambulisho. Mfumo wa vyama vingi wa mwaka 1992 ulimwondolea balozi nafasi yake ya kiserikali. Barua ilibaki, sasa ikitolewa na mwenyekiti au Afisa Mtendaji wa Kijiji.

Sheria ya Makosa ya Kujamiiana (Masharti Maalumu) ya mwaka 1998 ilirekebisha Kanuni ya Adhabu kwa ukali mkubwa. Kifungo cha chini cha ubakaji kikawa miaka 30, na anayembaka mtoto wa chini ya miaka 10 kifungo cha maisha. Bunge halikuanzisha rejesta, na kwa mantiki ya sheria yenyewe haikuonekana kuhitajika: aliyefungwa muda huo wote hahitaji kufuatiliwa mtaani. Kwa maneno mengine, gereza lilichukua nafasi ya daftari. Hesabu yake inaanza kuonekana sasa. Mfungwa wa kifungo chenye muda maalumu anaweza kupunguziwa theluthi moja kwa mwenendo mzuri, hivyo miaka 30 hugeuka kuwa 20, na waliohukumiwa katika miaka ya kwanza ya sheria hiyo walianza kufikia ukomo wa vifungo vyao karibu na mwaka 2019. Swali la nani ajulishwe mtu huyo anaporudi halikuulizwa mwaka 1998.

Upekuzi unaowezekana leo ni wa njia mbili, na zote zina kasoro. Ya kwanza ni hati ya tabia njema ya Jeshi la Polisi, inayotolewa baada ya kulinganisha alama za vidole. Huombwa na mhusika mwenyewe. Mwajiri anaweza kumtaka ailete, lakini jirani hawezi kuiomba kwa niaba yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za makosa ya jinai miongoni mwa taarifa nyeti, jambo linaloifanya njia hiyo izidi kuwa nyembamba.

Njia ya pili ni hukumu zinazochapishwa kwenye tovuti ya TanzLII, ambako rufaa kutoka Kilwa na Lindi zilizosikilizwa Mahakama Kuu Mtwara husomwa bure. Majina ya watoto walioathirika hufichwa, ya warufani huachwa wazi. Ipo hata hukumu ya Mahakama ya Rufani, iliyomo katika ripoti za sheria za mwaka 2006, iliyotamka kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa aliyebakwa. Imenukuliwa mara nyingi kiasi kwamba jina la mrufani limegeuka kuwa jina la kanuni. Hakuna daftari lingeweza kumtangaza zaidi. Kwa mtafutaji wa kawaida, hata hivyo, hazina hiyo inadanganya. Asiyekata rufaa huenda asionekane kabisa, na majina ya pwani yamejengwa kwa akiba ndogo: Saidi, Salumu, Hamisi, Mohamedi, Abdallah, likifuatwa na la baba na la babu kutoka akiba ileile. Kutafuta jina moja ni kuwatilia shaka watu wengi wasio na hatia.

Nchi jirani zimejaribu njia nyingine. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya Kenya ya mwaka 2006 kinamtaka Msajili wa Mahakama Kuu atunze rejesta ya waliotiwa hatiani. Bunge la Uganda lilipitisha muswada wenye rejesta mwaka 2021, lakini Rais hakuutia saini. Hoja ya kuiga Kenya ina nguvu, ila inakutana na ugumu ndani ya tafsiri ya kosa. Kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinahesabu kuwa ubakaji kumwingilia msichana wa chini ya miaka 18 hata kwa ridhaa yake, isipokuwa akiwa mke wa mtu huyo mwenye miaka 15 au zaidi. Rejesta ingemwandika kijana wa miaka 19 na mpenzi wake wa miaka 17, na kumwacha mwanamume wa makamo aliyeoa binti wa miaka 15. Isingemgusa pia yule ambaye familia zilimalizana naye kabla ya fomu ya PF3 kujazwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 walipata ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kati ya idadi hiyo na orodha ya waliotiwa hatiani kuna pengo kubwa mno.

Udhaifu wa barua unajitokeza zaidi katika dago, kambi za wavuvi wanaohama kwa kufuata pepo za kaskazi na kusi. Mvuvi anayefika Songosongo au Somanga hutarajiwa kuripoti kwa uongozi wa kijiji na kwa kikundi cha usimamizi wa rasilimali za bahari, akiwa na barua kutoka alikotoka. Mwenyekiti anayeiandika anathibitisha kwamba anamfahamu mtu huyo kama mkazi wake. Hatakiwi kueleza alihukumiwa nini, na akijua huenda akaona afadhali kuiandika barua upesi ili mtu huyo aondoke. Mwenyekiti anayeipokea husoma jina, kijiji na mhuri, kisha humwonyesha mgeni mahali pa kujenga banda lake.