Cerberus: pinboli ya Hispania yenye jina la mbwa wa kuzimu

Wadau, leo tuiongelee mashine ya zamani ambayo wengi wakiiona wanadhani ni ya kamari tu. Inaitwa pinboli. Nimeichagua Cerberus, iliyotolewa mwaka 1982 na kampuni ya Playmatic ya Barcelona, Hispania.

Jina limetoka kwenye hadithi za kale za Wagiriki. Cerberus ni mbwa wa vichwa vitatu anayelinda lango la kuzimu. Wafu anawaacha waingie, ila kutoka ndio hakuna. Hercules alitumwa akamkamate bila silaha, na hiyo ilikuwa kazi yake ya mwisho kati ya 12.

Sasa pinboli inachezwaje? Ni meza yenye kioo juu, imeinama kidogo kumwelekea mchezaji. Unavuta mpini wenye springi, unaachia, mpira wa chuma wa milimita 27 unapanda juu. Ukigonga vizuizi unapata pointi. Lakini meza imeinama bwana, mpira lazima urudi, na chini kuna shimo. Ukizama humo ndio basi, kama wale wafu. Unajitetea kwa virungu vidogo vya umeme: unabonyeza kitufe cha ubavuni, kirungu kinaupiga mpira urudi juu. Na usijidai kuitikisa mashine kwa nguvu, maana ndani kuna timazi inayoning'inia. Ikigusa pete yake, mpira huo umeupoteza.

Ubishi wote uko kwenye virungu. Vilikuja mwaka 1947 na mashine ya Humpty Dumpty ya kampuni ya Gottlieb, Marekani. Kabla ya hapo ulikuwa ukishaurusha mpira, kilichobaki ni kuomba Mungu. Ndiyo maana mwaka 1942 jiji la New York, chini ya meya Fiorello La Guardia, lilipiga marufuku pinboli kwamba ni kamari, na mashine zikavunjwa kwa nyundo. Virungu vilikuja, marufuku ikabaki palepale! Ni mwaka 1976 ndipo Roger Sharpe alipocheza mbele ya madiwani, akatangaza kwanza mpira utapita wapi, ukapita hapohapo. Marufuku ikaondolewa.

Kwa maoni yangu, mchezo ambao mazoezi yanakufanya uwe bora hauwezi kuwekwa kapu moja na kamari. Mashine ya kamari hata uicheze miaka 10 haikufundishi kitu. Wadau mnasemaje?