Sinema Bubu Iliyopigwa Mpwapwa

Wakusanyaji wa filamu husaka kwa hamu sinema bubu za kauboi, kama The Great Train Robbery ya 1903. Zimeadimika mno: mwaka 2013 Maktaba ya Bunge la Marekani ilieleza kuwa takribani asilimia 70 ya filamu bubu ndefu za nchi hiyo zimepotea.

Nyanda za kati za Tanzania nazo zina hazina yao ya sinema bubu.

Kati ya 1935 na 1937, mradi wa sinema uliofadhiliwa na Shirika la Carnegie la New York ulipiga kambi Vugiri, milima ya Usambara, ukatengeneza filamu 35 za milimita 16. Mkanda wenyewe haukubeba sauti. Maelezo ya Kiswahili na lugha nyingine yalirekodiwa kwenye santuri, zikachezwa sambamba na picha. Santuri ikipotea, filamu huwa bubu kabisa.

Zinazojulikana kusalia ni tatu tu, zote zimehifadhiwa Uingereza. Mojawapo inaonyesha mafunzo ya wasaidizi wa mifugo huko Mpwapwa, kituo kikuu cha mifugo cha Tanganyika enzi hizo. Inastahili kuonyeshwa Mpwapwa kwenyewe, mbele ya wajukuu wa vijana wanaoonekana ndani yake.