Umepata mtoi wa ndovu ameachwa? Weka hiyo paketi ya maziwa chini kwanza

Wasee wa ocha karibu na Tsavo, Laikipia ama Samburu, hii wekeni kwa kichwa. Ukikutana na mtoi wa mnyama wa porini amebaki pekee yake, roho itakusukuma ukimbie duka ununue maziwa. Zii! Hiyo maziwa inaweza kummaliza mbio kuliko njaa.

Kila mnyama ana maziwa yake. Ya ng'ombe iko na mafuta kama asilimia 4. Ya kifaru karibu haina mafuta, lakini sukari ni mob. Ya ndovu iko na mafuta, ila si ya aina ya ng'ombe. Mtoi wa ndovu akipewa ya ng'ombe, tumbo inakataa, anahara, maji inaisha mwilini, anaenda.

Daphne Sheldrick wa Nairobi alihangaika na hii story miaka mingi. Mwaka wa 1974 ndio alishika rada: mafuta ya nazi. Kandovu kachanga kalikoitwa Aisha kakaanza kunona. Lakini Daphne aliposafiri kwa harusi ya binti yake, Aisha alikataa kula, akafa kwa huzuni. Ndio maana leo kule nyumbani kwa mayatima, ndani ya Nairobi National Park, walezi hubadilishana zamu, na usiku wanalala na watoi. Kule Reteti, Samburu, wanatumia maziwa ya mbuzi inayoletwa na wamama wa hapo.

Wataalamu hufanya hivi:

1. Wanajua kwanza ni mnyama gani na ana umri gani, ndio wachague fomula.
2. Mtoi akiwa baridi hapewi maziwa. Anapashwa joto, anapewa maji ya chumvi na sukari, kisha maziwa pole pole.
3. Unga unapimwa kwa mizani, si kwa macho, na maji ni ya kuchemshwa. Nzito sana inachafua tumbo, nyepesi sana hanoni.
4. Inapewa ikiwa na joto la mwili. Chupa inaoshwa na kuchemshwa kila mara.
5. Kidogo kidogo, mara nyingi. Ndovu wachanga hunyonya kila masaa 3, mchana na usiku.
6. Mtoi halazwi chali, maziwa isije ikaingia kwa mapafu.

Na wewe je? Angalia ukiwa mbali kwanza. Mama swara huficha mtoi kwa nyasi akienda kula, so pengine hajaachwa. Ukiwa sure ni yatima, pigia KWS, fukuza mbwa na watu wa selfie, na usimpe kitu yoyote mpaka wakuambie. Kumpeleka kwako umfuge bila kibali ni kosa kwa sheria ya wanyamapori ya 2013.

Huruma ni poa, buda, lakini simu yako itamsaidia kuliko paketi.