Madrugar

Anayejifunza Kihispania akitakiwa kueleza siku yake ya shule huanza na "me levanto", naamka. Sawa, lakini mwanafunzi anayetoka nyumbani gizani ili awahi kengele anastahili kitenzi madrugar: kuamka mapema sana. Hakihitaji ule "me" unaowasumbua wengi. Husemwa "madrugo", basi. Ndicho kilichozaa madrugada, saa za tangu usiku wa manane hadi mapambazuko, hata saa saba ya usiku kwetu huitwa "la una de la madrugada". Kamusi zikifafanua madrugar kwa maneno matatu zinatudhulumu, kwani Kiswahili kina kudamka na kurauka. Walimu wa Kihispania, wapeni wanafunzi vitenzi hivyo.